Muravumba: Jani Lake na Mafuta Yake

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua hapa Lweba, kando ya ziwa, mwanangu, nilipomnyang'anya mama mkwe wangu mjukuu wake mbele ya majirani. Umesikia vizuri. Nilikuwa mke kijana, mwenye mtoto mmoja tu, na mpaka siku ile sikuwahi hata kumtazama yule mama machoni.

Kwanza nikueleze kazi yetu. Akina mama wa kanisa tulikuwa na pipa la kutolea mafuta ya majani. Tulikwenda porini kukata muravumba, ule mmea wenye harufu kali ambao bibi zetu waliuchemshia wenye kikohozi. Jina ni la jirani zetu wa milimani, nasi tukalizoea. Tuliyashindilia majani ndani ya pipa, maji yakachemka chini yake, mvuke ukapanda na harufu yote, ukapita kwenye bomba lililolazwa ndani ya maji baridi ya ziwa. Mwishoni mafuta yalielea juu ya maji, kidogo mno. Gunia zima la majani, na kichupa hata hakijai! Mgongo ulikuwa unauma mpaka unatamani kulia.

Mwalimu wa kemia wa sekondari, aliyetufungia lile bomba, alipeleka mafuta yetu kwenye maabara Bukavu. Aliporudi alituketisha. Alisema mna vitu vingi vimechanganyika humo, ila vinavyotawala ni ndugu za kafuri, vile vinavyopanda puani kama dawa ya kuchua misuli. Ukichemsha jani kwenye sufuria vingi vinaruka na mvuke, unabaki na uchungu na harufu kidogo. Pipa letu linavikamata na kuvikusanya pamoja.

"Bamama, majani munayajua kunishinda," alisema. "Lakini hii mafuta ni kitu ingine. Musiiweke hata kidogo kwa pua ya mutoto muchanga. Pumzi inaweza kukatika."

Mama mkwe wangu, Mama Mariamu, hakuwepo siku hiyo. Alikuwa amekwenda Lulimba kumsalimu dada yake, na aliporudi hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Basi asubuhi ile ya mvua huyo mtoto wangu mmoja, Wilondja, alikuwa na mafua. Pua imeziba, kunyonya kunamshinda, analia kwa sauti ya kukwaruza. Nilitoka kidogo kukinga maji. Niliporudi nilimkuta Mama Mariamu amempakata barazani, majirani wamekaa kando, kichupa kiko wazi na kidole chake kimeshalowa mafuta. Nikamchukua mtoto bila kuomba.

"We mutoto wa juzi, utanifundisha mi kulea?" alifoka. "Hii muravumba tulinyweshaka batoto bote hapa. Bwana yako naye alikunywa. Nani alikufa?"

"Majani iko sawa, Mama, mi sikatai majani. Lakini iyi mafuta haiko majani. Gunia muzima iko ndani ya iyi kachupa. Kama iko muzuri, anza kutia kwa pua yako."

Majirani waliguna. Mtoto nilimshika barabara. Na Mama Mariamu hakuwa mtu wa kukimbia ugomvi. Akanikazia macho, akapeleka kidole puani, akavuta kwa nguvu.

Macho yalimtoka, mwanangu. Akashika kifua, mdomo wazi, anatafuta hewa haipati. Kisha zikaja chafya, kikohozi na machozi, jirani mmoja akakimbilia maji. Nimecheka sana baadaye, miaka imeshapita. Siku ile nilidhani nimemuua mama wa mume wangu.

Alipopata pumzi hakunitazama mimi. Alimtazama Wilondja.

"Hii ningeitia kwa aka kapua," alisema polepole. Akaanza kulia, na safari hii machozi hayakuwa ya mafuta.

Ni yeye aliyemfunika mtoto kwa kitenge chake tukakimbia na mvua mpaka kituo cha afya. Muuguzi alimsafisha pua kwa maji ya chumvi, akaniambia nizidi kumnyonyesha, na kabla ya jioni alinyonya mpaka akasinzia.

Sasa mwanangu, wewe ndiye unayejaza vichupa. Kuanzia soko la Baraka hadi kambi ya wakimbizi ya Lusenda watu wanavinunua kwa kuwa wanayaamini majani ya bibi zao. Usiwauzie sifa ya jani ndani ya mafuta. Jua kilichomo kabla hujakiita dawa. Na ukihamia kilima kingine, au ukikata mmea umeshatoa maua, pima upya, maana mafuta yanaweza kubadilika ingawa jina ni lilelile. Mwambie kila mama kwa mdomo wako mwenyewe kwamba hayamfai mtoto mchanga, hata akikuona una maneno mengi. Na ukimwona mkubwa wako anakosea na uhai wa mtu uko mkononi mwake, shika mkono huo kwanza. Msamaha utaomba kesho, na atakusamehe. Mama Mariamu alinipenda mpaka tulipomzika.

Mungu akupe pua kali na ulimi usio na woga, na kila mtoto utakayempakata apumue vizuri kifuani pako.