Mpimaji aliyefika Ha Leronti kabla ya siku yake

Jua bado halijapasha mawe ya Ha Leronti, kijiji cha milimani, na hakuna anayemtazamia mgeni. Farasi wa kukodi anateremka bondeni, amembeba mwanamke aliyejifunga blanketi hadi kidevuni. Njiani anawakuta wanaume wakiswaga punda wawili kutoka shuleni. Migongoni mwa punda kuna kompyuta zilizoviringishwa mablanketi kama wagonjwa.

“Khotso, bo-ntate, amani kwenu akina baba,” anawasalimu. “Mnahama?”

“Khotso, ausi, dada yetu. Nani ahame na baridi hii? Kesho tuna mgeni mkubwa kutoka Maseru, anakuja kutupima. Wewe ni wa nani?”

“Mgeni mwenyewe ndiye mimi.”

Aliyeshika kamba ya punda anaiachia.

Huyo ndiye Lipuo Nkhasi, mwenye umri wa miaka 34. Kazi yake ni kupima ukomavu wa kidijitali wa taasisi: anaingia, anauliza, anatazama watu wakifanya kazi, kisha anatoa alama kuanzia sifuri hadi tano. Safari hii zamu ni ya chama cha wafugaji wa kondoo wa sufu. Amewahi siku moja kwa kuhofia theluji isije ikafunga njia.

“Watu wakisikia kidijitali, hudhani nakuja kuhesabu kompyuta,” anasema. “Mimi nauliza habari ikitoka kwako inamfikia nani, na huyo anaifanyia nini. Nimeona ofisi iliyojaa mashine, lakini kila kitu kinamsubiri bosi arudi safari.”

Wanapofika kwenye banda la kukatia sufu, mwenyekiti wa chama, Ntate Sekhonyana Ramatla, anavua kofia. Anasema hawakukusudia ubaya.

“Hata vikombe vya harusi ya mwanangu vilikuwa vya jirani,” anajitetea. “Mgeni haonyeshwi tundu la paa.”

“Nilikwambia!” anadakia katibu wake, mama aitwaye 'M'e Mathakane Thulo, kutoka mlangoni mwa banda. “Umeazima kompyuta sita, na wewe mwenyewe hata kuiwasha hujui. Ungeulizwa ungesema nini?”

“Ningesema umeme umekatika.”

“Umeme gani, ntate? Lini tuliwekewa?”

Lipuo anacheka, ila moyoni ana wasiwasi. Mradi uliomtuma utaleta mnara wa intaneti na mafunzo kwa vyama vichache visivyo na vifaa lakini vyenye watu walio tayari. Kompyuta za kuazima zingewaweka Ha Leronti katika kundi la waliojitosheleza, na chama kinachobainika kudanganya hufutwa kabisa. Bila mnara, wataendelea kumuuzia mchuuzi anayepanda mlimani na bei yake mfukoni.

Anashuka kwenye farasi. “Bo-ntate, mpimaji anakuja kesho. Leo amekuja Lipuo tu, ana njaa.”

Punda wakageuzwa kurudi shuleni. Lipuo akapewa uji mchachu wa motoho, akalala kwa 'M'e Mathakane.

Asubuhi, kabla hata hajauliza swali la kwanza, alimwona mwenyeji wake akiisogeza simu mdomoni na kusema bei ya sufu iliyotangazwa mjini. Sauti ile ilikwenda kwa wachungaji walioko malishoni, na kila mmoja wao anaposhika mtandao, huwasikilizisha wenzake. Wengi wao hawajui kusoma.

“Umeanza lini, 'm'e?”

“Tangu tulipopunjwa bei. Lakini hilo usiliandike, ausi. Ni umbea wa wafugaji.”

“Umbea huo ndio nilioufuata huku juu.”

Kwa vifaa aliwapa moja. Kwa watu, nne.

Alipokuwa akitandika farasi, 'M'e Mathakane alimshika mkono. “Nyinyi wapimaji ni kama mvua ya mawe. Mnapita, sisi tunabaki tukitazama mabati.”

Maneno hayo yalimchoma. Zamani Lipuo alikuwa karani wa kumbukumbu katika hospitali ndogo. Alikuja mtu akawapima, akaondoka, wala hawakuambiwa wanapungukiwa nini. Mfumo mpya ulipoletwa hakuna aliyeuweza, na yeye na wenzake wakapunguzwa kazini.

“Nitarudi na jibu mwenyewe,” alisema. “Kabla ya mkasi wa kwanza.”

Hulipwa maloti 1,800 kwa ziara moja, na safari ya kurudisha majibu haimo. Majibu hutumwa kwa barua pepe, hata kwa wasio na pa kuisomea.

Jibu lilitoka Ijumaa, na ukataji wa sufu ungeanza Jumatatu. Benki moja ya Maseru ilimtaka aanze Jumatatu hiyohiyo kazi ya majuma matatu, ambayo malipo yake yangemaliza paa la nyumba ya mama yake. Aliomba wamsubiri siku mbili. Wakamchukua mwingine.

“Mama alininunia,” anasema. “Natamani siku moja safari ya kurudi ihesabiwe kuwa sehemu ya kipimo. Nakusudia kuanzisha kikundi cha wapimaji wanaorudi.”

Jumatatu ile, Ntate Ramatla alikwishainua mkasi.

“Anzeni! Huyo haji.”

“Kondoo hana haraka,” alijibu 'M'e Mathakane, akiwa amemkumbatia kondoo wa kwanza. “Haraka unayo wewe.”

Ndipo farasi akatokea kwenye ukingo wa bonde, miguu imejaa matope ya theluji.

“Mmechaguliwa,” alisema Lipuo, hata kabla ya kushuka.

Wanaume wakapiga miluzi. 'M'e Mathakane alimwachia kondoo, akamkimbilia Lipuo, akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaiinua hadi mdomoni mwa mgeni.

“Waambie mwenyewe, ausi. Wako malishoni, wanangoja.”