Kamba Isiyo na Sabuni

Eliwaza alikuwa na tabia ya kunusa mikono ya watoto. Kengele ya uji ikigongwa alisimama mlangoni mwa jiko la shule, upawa mkononi, na kila aliyefika alimnyooshea viganja. Akinusa sabuni, alijaza kikombe. Akinusa udongo au mbuzi, alionyesha kwa kidole kule nje kwenye dumu la maji, bila neno. Watoto walimwita Mama Pua. Alijua, na hakukasirika.

Alizaliwa Ngujini, upande wa Ugweno, Upare Kaskazini, akaolewa huku Upare Kusini, katika kijiji kinachoitazama Same kutoka juu kama mtu anayechungulia kisima. Kichasu, lugha ya huku, alikisikia na kukisema, ila wanawake walipotaka kumsema walipunguza sauti na kuongeza kasi, naye akabaki na mkia wa sentensi. Mumewe alifariki zamani. Alimwachia binti, Asteria, ambaye sasa ana mji wake. Alimwachia pia shamba la migomba na maharage lililo kichwani mwa mfongo.

Mfongo ni mfereji wa kumwagilia waliouchimba mababu. Unatoka kwenye ndiva, bwawa la mawe na udongo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, na kila shamba lina zamu yake ya maji. Shamba lililo kichwani hunywa kwanza. Shamba kama hilo, mikononi mwa mjane aliyetoka kwingine, watu hawalisahau hata wakilinyamazia.

Mvua zilizopita, ugonjwa wa kuhara ulipita shuleni. Binti wa Honorata, jirani yake, alishushwa hospitali Same akiwa mwepesi kama nguo. Bwana afya akapanda na pikipiki, akakagua vyoo, akakagua jiko, akamwambia Mwalimu Mkuu Sylvester kwamba bila mahali pa kunawa kwa sabuni, uji na makande vitasimama. Ndipo vikatengenezwa vibuyu chirizi: dumu lililotobolewa na kuning'inizwa kwenye mti, kijiti cha kukanyaga kwa mguu ili liiname, na kando yake kipande cha sabuni ya mche kwenye kamba. Eliwaza mwenyewe alichagua mahali pa kuvitundika, ukingoni mwa mfongo unaopita nyuma ya jiko, ili kujaza madumu kusiwe safari.

Halafu sabuni ikaanza kupotea.

Jioni aliiacha, asubuhi hakuikuta, wala kamba yake. Akafunga nyingine. Ikaenda. Aliweka majivu kwenye kopo kwa muda, na majivu hayakuguswa, jambo lililomchoma zaidi: basi mwizi alikuwa mchaguzi. Akaanza kutazama nguo za watu. Kila alipopita alipima weupe wa mashati ya shule yaliyoanikwa kwenye uzio wa Honorata. Hakujua kwamba Honorata naye alikuwa akitazama aproni yake.

"Mama Asteria, siku hizi aproni yako inang'aa," Honorata alisema siku moja dirishani mwa jiko.

"Inang'aa kwa sababu naifua."

"Kwa sabuni ipi?"

"Na mashati ya wanao je? Juzi nilidhani umeanika mawingu."

"Mwanangu alilazwa, dada. Mimi sina utani na sabuni."

Maneno hayo yalishuka bondeni na kupanda upande wa pili. Baada ya hapo kijiji kizima kikawa na haya ya usafi. Mashuka yalianikwa ndani, na mtu mwenye kanzu nyeupe ya kwaya aliivalia kanisani penyewe, akiibeba ndani ya mfuko. Hakuna aliyetaka kuonekana msafi kuliko mwenzake.

Jumatatu Mwalimu Sylvester akaja jikoni, akasimama mahali ambapo moshi ungempa sababu ya kutomtazama usoni.

"Mama, Ijumaa bwana afya anarudi. Akikuta kamba tupu, watoto hawali. Kamati inasema usipoipata hiyo sabuni, nichukue ufunguo wa jiko, upumzike kidogo."

"Mtu anayepumzishwa hivyo huwa haamki, Mwalimu."

Mwalimu akashika njia ya ofisini. Alipokwenda, Eliwaza aliendelea kukoroga sufuria iliyokwisha kuiva. Jiko lilikuwa riziki yake, lakini si hilo tu. Mpishi aliyeondolewa kwa wizi wa sabuni hatapewa hata mtoto wa jirani ambebe.

Jumatano, baada ya kuosha masufuria, alikwenda kwenye madumu akainama chini badala ya kutazama juu. Maji ya kunawia yalikuwa yamejichimbia kijifereji chembamba kuelekea kwenye mfongo. Pale yalipokaribia kuingia palikuwa pamezibwa. Kipande cha gogo la mgomba kilikuwa kimeshindiliwa, kikakandikwa udongo, na juu yake mabonge ya nyasi yaliyogeuzwa, mizizi ikitazama mbingu.

Hii haikuwa kazi ya mtoto. Na kijijini alikuwapo mtu mmoja tu aliyeziba maji kwa kugeuza mizizi juu: Mzee Eliamini, msimamizi wa mfongo, kaka wa marehemu mumewe.

Akakaa chini. Sabuni haiingii kwenye mfongo. Hilo mtoto wa huku hulijua kabla ya jina lake la ubatizo. Huko chini watu wanakunywa, ng'ombe wanakunywa. Mwenye kufua huteka maji akafua mbali. Eliwaza alilijua kama wengine, lakini kichwani mwake kunawa mikono kulikuwa kwa bwana afya, na mfongo ulikuwa wa wazee, na mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana mpaka yalipokutana pale, kwenye povu lililokauka juu ya jani la mgomba.

Alimkuta Mzee Eliamini barazani kwake akinoa jembe.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mama Asteria. Karibu uketi."

"Sikai. Nimefuata sabuni."

"Sabuni ipi?"

"Ile iliyokufanya uzibe kwa gogo la mgomba."

Tupa ikasimama juu ya jembe. Mzee aliingia ndani, akarudi na furushi la majani makavu ya mgomba, akalifungua juu ya benchi. Vipande vyote vilikuwamo, kila kimoja na kamba yake, vimekauka na kupasuka.

"Ningefanyaje? Nikilipeleka kosa lako kwa wazee, faini ni mbuzi na pombe ya dengelua. Mke wa ndugu yangu atatoa wapi mbuzi? Nikaona niitoe kimya."

"Ungeniambia."

"Nikikuambia, nimejua. Nikishajua, lazima nishtaki."

"Ukaniacha niitwe mwizi."

"Maneno ya wanawake hupita."

"Ya Honorata hayapiti, shemeji. Yanajenga na kuezeka."

Mzee alicheka kidogo, peke yake. Eliwaza hakuwa akimtazama. Kutoka barazani pale, juu ya bega la mzee, shamba lake lote lilionekana, migomba kwa migomba, mpaka kwenye mlango wa maji. Hakuwahi kuligundua hilo katika miaka yote ya kuja kusalimia.

"Ningenyang'anywa jiko ningerudi Ngujini, sivyo?"

"Nani kasema urudi?"

Alijibu haraka mno. Au Eliwaza ndiye aliyesikia haraka.

"Kesho ni msaragambo," Eliwaza akasema. "Nishtaki."

"Mama Asteria!"

"Mbele ya watu wote. Na uje na hilo furushi."

Pembe lilipigwa asubuhi, watu wakaja na majembe kufanya kazi ya pamoja ya kuzibua mfongo. Kabla ya jembe la kwanza Mzee Eliamini alisimama, akasema kosa la mpishi wa shule, kisha, akiangalia miguu yake, akasema na lake, akalifungua furushi. Honorata ndiye aliyesogea, akaokota kipande kimoja, akakigeuza, akakinusa.

"Ni yenyewe," alisema. Kisha kwa sauti ya chini, "Basi mbuzi tutamla, dada. Ila mikono tutanawa kwanza."

Watu wakacheka, na katika kicheko hicho wakahamisha madumu upande wa pili wa jiko, wakachimba shimo la maji machafu na kulijaza mawe. Ijumaa bwana afya alikanyaga kijiti, akanawa, akala makande, akaondoka. Ufunguo ulibaki shingoni mwa Eliwaza.

Wiki iliyofuata zamu yake ya maji ilikuja mapema, na maji yalikuwa mengi kuliko yalivyowahi kuwa tangu afiwe. Mzee Eliamini alisimama juu kwenye ndiva akampungia mkono. Huenda lilikuwa ombi la msamaha. Huenda ni namna ya mtu anayelitunza shamba analojua litakuwa lake.

Eliwaza naye akapunga mkono. Mzee alipogeuka, yeye alichuchumaa kwenye mlango wa maji, akachota kwa kiganja, akayanusa.