Koti la Kava la Kiti

Mtaani mke wangu wanamwita Mama Mbwa. Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Siku hizi nikisikia najibu mwenyewe: "Ndiyo, na mimi ndiye Baba Mbwa, una la ziada?"

Kazi yake ni kutunza mbwa mwitu kwenye hifadhi ya wanyama nje ya mji. Si mbwa koko, hapana! Ni wale wenye madoa meusi, meupe na rangi ya kutu, masikio ya mviringo kama visahani, na waliobaki duniani ni wachache mno. Jike mmoja, Madoa, alikuwa amezaa mara mbili na mara zote watoto wakafa. Akinusa harufu ngeni karibu na shimo lake, hubeba watoto mdomoni na kuzunguka nao akitafuta mahali salama, mpaka wanaishiwa nguvu. Mke wangu alilia mara zote mbili.

Basi Madoa aliposhika mimba tena, mke wangu akapiga marufuku: ovaroli yake ya kazi isiguswe na sabuni. Madoa ameizoea harufu ile, na ile tu. Uvundo wake sasa! Mimi ni fundi cherehani, wateja wananiletea vitambaa vya harusi sebuleni, halafu anaingia mtu ananuka nyama na mikojo ya mbwa. Tukagombana, tukapatana. Nikamtengea kiti kimoja, nikakishonea kava la kitambaa kizito cha pazia, chenye maua mekundu makubwa. "Malkia," nikamwambia, "ufalme wako unaishia hapo." Kila jioni alikaa pale na ovaroli yake, akinisimulia habari za Madoa hadi chai inapoa.

Akaja mama yangu kututembelea. Mama hawezi kuona uchafu akatulia. Asubuhi moja mke wangu amejilaza akisubiri zamu ya mchana, mama akaikuta ovaroli nyuma ya mlango. Akailoweka kwenye sabuni yenye harufu ya waridi, akaifikicha kwa nguvu zake zote, akaianika. Kiti alikiogopa, akakifunika tu kwa shuka safi.

Simu ikalia. Daktari wa wanyama: Madoa amezaa! Vilio vinasikika shimoni, lakini mama mtu hatulii, anatoka na kuingia. Anataka chakula na maji, na wa kumpelekea ni mtu mmoja tu.

Mke wangu akakimbilia mlangoni, hakuna kitu. Akatazama nje, akaiona kambani, inang'aa. Hakupiga kelele. Aliketi sakafuni.

"Mama," akasema polepole, "umewaua watoto wangu."

"Mimi? Nimefua nguo tu, mwanangu!"

Nilitaka kufoka, lakini nimfokee nani? Mama ni mama, mke ni mke. Nikavuta pumzi ndefu, na pua yangu, iliyokichukia kile kiti miezi yote, ikakikumbuka. Nikafunua shuka. Lahaula! Uvundo upo palepale, mzima wa afya!

"Mama, shika huku!"

Nikatwaa mkasi, nikalichana kava. Sikutafuta futi, mabega ya mke wangu nayajua. Cherehani ikalia kama imepandwa na wazimu. Mama alinishikia kitambaa huku ameukunja uso, machozi yanamtiririka, na sikumuuliza kama ni ya uvundo au ya uchungu.

Hifadhini daktari akatubakiza mimi na mama ofisini, mbele ya televisheni ndogo inayoonyesha shimo. "Shemeji, hapa hata chafya marufuku," akaninong'oneza. Madoa alikuwa nje, akizunguka, mtoto mdomoni.

Mke wangu akaingia na ndoo yake ya nyama, amevaa maua mekundu, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Aibu ya fundi! Akachuchumaa, macho chini. Madoa akasogea. Akanusa pindo. Akanusa mkono. Akazunguka, akanusa mgongo, muda mrefu, mpaka nikasahau kupumua. Kisha akageuka, akamrudisha mtoto shimoni, akatoka mdomo mtupu na kuivuta nyama.

Mama akafungua kinywa apige vigelegele, daktari akarukia kukiziba kwa kiganja. "Bado, mama, bado!" Basi tukashangilia kibubu: tunakumbatiana, tunaruka kwa ncha za vidole, mama anatafuna mtandio wake.

Wiki kadhaa baadaye watoto wakatoka wenyewe juani, wanaanguka, wanaumana masikio. Wote wazima! Mke wangu alicheka na kulia kwa pamoja. "Haya mama," daktari akasema, "sasa ruksa." Vigelegele vile vilisikika mpaka getini.

Juzi mteja mmoja alikuja kujaribu gauni la binti yake. Akaziba pua. "Fundi, kuna nini kinanuka humu?"

Kabla sijajibu, mama akajibu kutoka kwenye kiti kile kile, koti la maua mapajani.

"Wajukuu zangu. Ngoja nikuonyeshe picha."