Mtoto Ameona Kuku Kupitia Sakafu ya Gari Aliyotengeneza Baba Yake

Sasa hivi mtoto wangu amesema "kuku!" akiwa ndani ya gari, na milango yote imefungwa. Nilikuwa napangusa viti, yeye anachezea kijiko chake hapo chini kwa kapeti. Nikamwambia, "Shiru, hakuna kuku kwa gari, mami." Akacheka, akainamisha kichwa, akasema tena, "Kuku!" Kuangalia, amevuta kapeti kando na kijiko kimetoboa sakafu. Kwa hilo shimo nimeona udongo wa ploti yetu, na miguu ya kuku wa jirani ikipita.

Admin, tafadhali ficha jina langu. Shiru pia si jina lake. Nina miaka ishirini na tatu, shule niliachia form two, kwa hivyo mnisamehe nikiandika vibaya. Tunaishi Kimbo, huku Ruiru, nyumba ya mabati, na hapo nje ndio gereji ya bwanangu. Yeye ni fundi wa magari za zamani, zile zimeoza mpaka watu wanasema zipelekwe skrapu. Anakata sakafu yenye kutu, anapima bati mpya, anachomelea. Hata mimi amenifundisha kugonga na nyundo ndogo nikisikiliza: chuma nzima inalia, iliyooza inanyamaza.

Hii gari ni ya mzee mmoja wa Ngoliba. Ilikuwa ya babake, na mbuzi zilikuwa zinalala ndani. Jumamosi msichana wake anaolewa Thika na mzee anataka kumpeleka kanisani nayo. Leo ndio anakuja kuichukua.

Basi nikakwaruza hapo kwa shimo na kijiko. Puti, ile ya kuziba mashimo kabla ya kupaka, na rangi nyeusi ikatoka kama ganda la yai. Chini yake nikaona mshono wa kuchomelea, umenyooka, safi, kazi ya bwanangu kabisa. Lakini haukuwa pale bati mpya inakutana na chuma ya zamani. Ulikuwa kando, upana wa kidole, juu ya chuma nzima. Ni kama mtu ashone pindo vizuri na sindano haijagusa kitambaa cha pili. Hiyo bati yote imeshikwa na puti. Na kiti cha abiria cha mbele kimefungwa juu yake.

Hapo ndio nilielewa mambo mengi. Vile anamwaga chai kando ya kikombe anasema ni meza imelegea. Vile Shiru anamnyoshea mikono abebwe na hambebi mpaka alie. Mimi nilikuwa nadhani ni uchovu, kumbe ni macho. Miaka yote hiyo amechomelea na miwani ya jua tu.

Nikamuita. "Baba Shiru, kuja uone."

"Nini sasa? Mzee ako njiani."

"Hapa chini."

Akainama, akaangalia pembeni, si pale kwa shimo. Ikabidi nichukue kidole chake nikiweke kwa shimo. Akafuata ule mshono na kidole mpaka mwisho, akarudi nao polepole.

"Hapa nilipapasa," akasema. "Kulikuwa sawa. Nikagonga ikalia."

"Ulikuwa unagonga ile nzima."

"Haiya, siku hizi wewe ndio fundi?"

"Nimeinua vidole ngapi?"

"Wacha ujinga, Mama Shiru."

"Ngapi?"

Akapangusa kidole kwa suruali. Baadaye akasema pole pole, "Mafundi wa hapa wakijua, nani ataniletea gari tena? Rudisha kapeti. Mzee haendeshi mbio. Harusi ikiisha nitamwambia airudishe nimalizie."

"Na hapo nani atakaa?"

Akaenda kuoga. Lakini anajua. Mzee alituambia mwenyewe kwamba ni wajukuu wake, wale wa kubeba maua, na hata leo anakuja nao kwa sababu wamekataa kungoja Jumamosi.

Jamani, huyu si mtu mbaya. Nikiwa na mimba alimtengenezea Shiru kitanda na vyuma za kutupwa, na alipomaliza akapitisha shavu lake kila kona asije mtoto akakwaruzwa. Mtu kama huyo hawezi taka kuua mtoto wa mwenzake. Anaogopa tu. Nimembembeleza akioga, nikamwambia kuna mama wa kanisa letu alikuwa haoni, akatolewa mtoto wa jicho, na leo anasoma Biblia mwenyewe. Labda na yeye ni hivyo. Naamini ni hivyo. Anasema hataki kupimwa, eti akipimwa itakuwa kweli.

Sasa ametoka kuoga amevaa shati ndani nje, nimemgeuzia, amenishika mkono akaniambia, "Usiniaibishe leo." Funguo ya gari iko kwa mfuko wa aproni yangu. Nikimwambia mzee, nimemwanika baba ya mtoto wangu Kimbo yote. Nikinyamaza, wale watoto watakaa juu ya puti mpaka Ngoliba. Ninyi mlio na waume, ninyi mlio na wazazi wa kuwaambia ukweli, ungekuwa wewe ungefungua mdomo? Ungeanzia wapi? Nijibuni mbio kwa sababu nasikia geti.

Ni wao. Nawaona kwa pazia. Kuna kasichana kanampigia babu yake kelele, "Guka, mimi nakaa mbele!" Mzee anacheka, anamsalimia bwanangu, anazunguka gari akisema, "Ngai, hata baba angefufuka aione." Bwanangu anatabasamu. Ananiita nilete funguo.

Shiru amenitoroka. Amepita hapo mbele ya baba yake, amemshika mzee kidole, anamvuta kwa mlango wa gari akimwambia "kuku, kuku," na bwanangu ananiita tena kwa sauti, "Mama Shiru, hebu toka na huyo mtoto, ako wapi?" na mtoto amesimama hapo mbele ya miguu ya baba yake, wacha nitoke ni—