Buti Nyuma ya Jiko

Mama mwenye nyumba ya wageni huwajua watu kwa buti zao za kutelezea kwenye theluji. Hoteli mpya za bonde hili zina mashine ya kukaushia, ambayo haimjui mtu. Yeye bado huzipanga nyuma ya jiko la kuni na kuzigeuza moja moja kwa mikono yake mipana, kama anayegeuza mikate. Wanaozinyakua kabla ya chai wanataka miteremko mikali. Wanaolegeza vifungo vyote wanapanda mlimani kuota jua na kunywa supu, na hao mama huwaongezea sukari kwenye chai bila kuulizwa.

Asubuhi moja mzee Korbinian, aliyewahi kufundisha watu kuteleza kwenye theluji, alikuwa jikoni mwa mama huyo akinywa kahawa kama kawaida. Akaingia Bwana Hartwig, mgeni wa kila mwaka, safari hii bila marehemu mkewe. Mkewe ndiye aliyependa miteremko. Bwana Hartwig alikuwa akimsubiri chini.

"Leo napanda, mama. Lazima mmoja wetu apande," alisema.

"Kwa buti zipi? Zimelowa chepechepe! Kaa hapo, baba, unimenyee viazi."

Hartwig akaketi, mabega yakamshuka. Korbinian akapenyeza mkono nyuma ya jiko, akazipapasa buti za Hartwig: zilikuwa kavu, tena zina joto. Nusura acheke. Kisha akaziona buti zake mwenyewe pale kando, ambazo tangu goti lake liharibike, mama huyu humwambia kila asubuhi kwamba bado hazijakauka.

Hakuzigusa. Aliomba kahawa nyingine.