Kivumbasi cha Mama Mkwe

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, nayo huniinamisha uso mpaka leo.

Binti yetu wa kwanza, Nekesa, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea. Tulitoka Kitale kwenda ukweni, karibu na Lugulu, nikamsaidie baba mkwe kupiga dawa ya magugu shambani. Nilipomaliza, dawa kidogo ilibaki kwenye pampu. Kwa uvivu tu, nikainyunyiza malishoni, pale kivumbasi kinapojiotea. Nami nilijua vizuri kwamba majani yake huchemshwa kama chai, ya mafua na ya kifua, hata ya mgeni siku isiyo na maziwa.

Nikiwa nanawa mtoni, nikamwona mama mkwe ameinama palepale, anachuma. Desturi yetu unaijua: mkwe hamkaribii mama mkwe, wala hampazii sauti. Nikajibanza nyuma ya migomba mpaka akaondoka. Nilijiambia ni heshima. Uongo mtupu! Niliona haya kukiri upuuzi wangu, desturi nikaifanya maficho.

Jioni mama mkwe alitapika mpaka akalegea, akakimbizwa hospitalini kwa bodaboda. Mezani kulikuwa na kikombe kingine kinapoa, cha Nekesa, maana alikuwa anakohoa. Nilikimwaga. Hapo ndipo nilipomwambia mke wangu, naye akawapigia simu waliompeleka mamake, wamwambie daktari ni sumu, bila kunitaja.

Mungu ni mwema, alipona. Aliporudi aliniita mlangoni, akanipa mgongo kama desturi inavyotaka.

"Baba Nekesa, nilikuona kwa migomba. Si ungepiga tu kelele? Ningekimbia na aibu yangu, lakini nikiwa mzima. Sasa nyamaza. Watu nimewaambia ni mimi nilikosea majani."

Yeye, aliyeyajua majani tangu usichana wake! Tangu hapo majirani wakaacha kumwendea kuomba dawa ya kifua. Walimcheka kisirisiri, nami nikawa nakula kwake kimya, mwaka baada ya mwaka, mpaka tukamzika.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwanangu, ukikosea, sema mapema, hata kwa mtu usiyeruhusiwa kumtazama. Heshima inayomwacha mtu anywe sumu si heshima. Mungu akujalie ulimi mwepesi wa kukiri, na wanao wanywe kivumbasi kwa afya. Ukifika Lugulu, waambie waliobaki kwamba mama yule hakukosea majani. Ni mimi.