Mgeni wa Ndoa ya Wengine

Butembo ina hoteli, tena nyingine zina ghorofa na vioo vya bluu. Lakini mtu wa Beni akienda Butembo kwa ndoa ya ukoo wake, halafu akalala hotelini, ni kama ametangaza barabarani kwamba wakwe hawana rafiki hata mmoja mwenye kitanda. Kwa hiyo wageni hugawanywa. Waumini wa kanisa la bibi arusi hufungua nyumba zao. Kila familia huchukua mgeni mmoja au wawili, huwalisha, huwachemshia maji ya kuoga, na kesho yake huwafikisha kwenye sherehe wakiwa wamepigiwa pasi. Mwenyeji hakujui. Anajua tu kwamba unatoka Beni na kwamba utasikia baridi.

Mpango huu umewafaa watu wengi tangu nikiwa kijana. Ulinishinda mimi peke yangu.

Dada yangu mdogo alikuwa anamwozesha mtoto wake wa kwanza. Mume wake alishafariki, kwa hiyo mimi, mjomba, ndiye niliyepaswa kusimama ukumbini baada ya ibada na kusema kwa niaba ya upande wa kijana. Upande wa bibi arusi hujibu maneno hayo. Kijana asiye na msemaji huonekana kama ameokotwa. Dada alikuwa ametangulia Butembo, akanipigia simu, akaniita yaya, kama mdogo anavyomwita kaka yake mkubwa: "Yaya, minakujua. Fika tu. Hiyo njo yote minaomba." Niliona nimetukanwa. Mtu aliyesoma chuo kikuu haombwi kufika.

Niliondoka Bungulu, mtaa wangu wa Beni, mchana, na gari likatushusha Butembo jioni, simu yangu ikiwa imezimika kwa kukosa chaji. Pale parking, motard mmoja, dereva wa pikipiki ya kukodi, mwenye koti zito, alinisogelea.

"Papa, weye njo mugeni wa ndoa, wa Beni?"

"Njo mimi."

"Panda, banakungojea."

Sikuona swali la kuongeza. Yeye pia hakuliona.

Mama wa nyumba alinipokea mlangoni na blanketi mkononi. "Ingia mbio, papa, baridi itakukamata! Beye batu ba Beni, muko kama kuku wa kunyonyolewa." Mumewe alichukua mfuko wangu. Nilipewa beseni la maji ya moto, kisha ugali, ambao kwetu ni bukari, nyama ya mbuzi, sombe ya majani ya muhogo, na viazi vya Lubero ambavyo peke yavyo vingetosha kunileta.

"Kula, papa. Lakini unakula kama mwalimu!"

"Niko mwalimu, mama."

"Ah, donc njo maana. Muongezee nyama."

Kwetu mgeni haulizwi maswali kabla hajala, maana ataona unampima kama anastahili chakula. Akishakula pia haulizwi, maana ataona unakijutia. Ndiyo maana hakuna aliyeniuliza jina la bwana arusi, nami nikaona ni heshima.

Dalili zilikuwepo. Ukutani kulikuwa na picha ya Bikira Maria, na kabla ya kula wote walifanya ishara ya msalaba, wakati wakwe zetu ni Waprotestanti wa kuzaliwa. Nilijiambia kwamba siku hizi makanisa yanashirikiana, jambo la kupongezwa, nikaanza hata kutunga makala kichwani. Walimsifu bibi arusi kwamba anafundisha watoto wadogo. Mimi niliambiwa ni muuguzi. Basi, nikafikiri, amebadili kazi. Kama kuna kitu chuo kikuu kilinipa, ni uwezo wa kupata maelezo ya kila jambo isipokuwa lile lililo kweli.

Dada hakuwa na wasiwasi. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amepigia simu familia niliyopangiwa, akajibiwa kwamba mgeni wa Beni amefika, amekula vizuri, amelala.

Asubuhi nilivaa suti, nikanywa chai, nikapelekwa kanisani kwa heshima zote na kuketishwa mstari wa mbele, katikati. Padri akatoka na moshi wa ubani. Hata hapo nilijaribu: labda wakwe wamehama kanisa, labda dada alisahau kuniambia. Kisha bwana arusi akaingia. Mpwa wangu ni mfupi na hana ndevu. Huyu alikuwa mrefu, na ndevu zake zilifika kwenye tai. Nilimtazama muda mrefu, nikijiuliza mara ya mwisho nilimwona mpwa wangu lini.

Nilimnong'oneza mwenyeji wangu: "Papa, huyu kijana ni wa nani?"

Akanigeukia polepole. "Na weye uko wa nani?"

Nilipotaja jina la ukoo, mkewe alishika mdomo ili asicheke mbele ya altare. "Yesu Maria! Tumelisha Muprotestanti!" Kisha, kwa huruma: "Ngoja sadaka. Batu bakisimama, toka. Na ukikosa chakula kule, urudi."

Nilitoka wakati wa sadaka, nikichechemea ili nionekane mgonjwa. Moto, yaani pikipiki ya kukodi, ilinipeleka upande wa pili wa mji. Kanisa lilikuwa limeshafungwa, watu wako ukumbini. Mlangoni nilikutana na mzee mwenye suti kama yangu, anatoka haraka.

"Weye njo ulilala kwenye kitanda yangu?" akaniuliza.

"Nafikiri wewe ndiye uliyelala kwenye changu."

"Kule balikupa nini?"

"Mbuzi."

"Huku ilikuwa makayabu, samaki ya chumvi tu," alisema kwa uchungu, akapanda moto niliyoshuka.

Ndani, dada yangu alikuwa amesimama na kipaza sauti, peke yake, mahali nilipopaswa kuwa. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa tatu juu ya maana ya familia. Yeye alikuwa anasema: "Mutoto wetu hapana mubaya. Anaamkaka mapema. Anapendaka chumvi mingi, mumukataze. Baba yake hayuko, lakini adabu yake aliachia mutoto." Ndipo akaniona mlangoni. Hakusita. "Akikosea, muniite mimi. Hapana muite mujomba yake, hamutamuona."

Ukumbi mzima uligeuka kunitazama, ukacheka. Sikujua kama ninapaswa kwenda mbele au kukaa, nikabaki nimeinua mguu mmoja.

Baba mkubwa wa bibi arusi alisimama kujibu. Nilimsubiri anitafute kwa macho, amjibu mwanaume, kama ilivyo desturi. Alimgeukia dada yangu, akavua kofia. "Mama, tumekusikia. Mutoto ni wetu."

Watu wakapiga vigelegele. Nilikaa kwenye kiti cha nyuma, karibu na sufuria, nikapiga makofi pamoja nao. Dada alikuja nyuma nilipokaa kabla ya kurudi mahali pake, akaniwekea mkono begani, akaubonyeza kwa nguvu. Mpaka leo sijui kama ulikuwa msamaha au alikuwa ananizuia nisisimame.